Mubambiro: Gitaa moja, nyuzi sita, na kosa la dukani linaloweza kulivunja

Kwa korali yenye gitaa moja tu, safari ya kutoka Mubambiro kwenda Goma kununua nyuzi si jambo dogo. Ni kilomita zaidi ya 20 juu ya moto, kwenye barabara ya taifa namba 2, na makuta yaliyochangwa na waimbaji kidogo kidogo. Dukani, mpigaji anakuta pakiti nyingi zinazofanana: zote zina nyuzi sita, zote zinang'aa, na juu yake kuna tarakimu na maneno ya kigeni. Mara nyingi anachukua ile ya bei ya chini, au ile yenye nyuzi nene kwa sababu anaamini nene ndiyo imara.

Hapo ndipo makosa mawili yanapoanza. La kwanza ni dogo: sauti inatoka tofauti na ile aliyoitaka. La pili ni kubwa: baada ya wiki chache daraja la gitaa, yaani kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya sanduku, linang'oka. Gitaa linakufa, na lingine halipatikani kesho.

Mubambiro iko upande wa Goma, kabla kidogo ya kufika Sake, katika eneo la Masisi. Ni mahali ambapo watu wamefunga mizigo yao mara nyingi. Mapigano ya Februari 2024 yalisukuma maelfu ya wakaaji wa Sake na vijiji vya jirani kuelekea Goma. Januari 2025 Sake ikaingia mikononi mwa M23, na siku chache baadaye Goma pia. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki zikafungwa, na Februari kambi za wahami zilizouzunguka mji zikavunjwa. Wengi walirudi vijijini kuanza upya.

Katika hali kama hiyo gitaa ni mzigo mgumu. Ni kubwa, ni jepesi kuvunjika, na halipendi mvua. Lililookoka linastahili kutunzwa, na utunzaji huo unaanza na nyuzi zinazofungwa juu yake.

Angalia gitaa kwanza, pakiti baadaye

Magitaa yasiyotumia umeme ni ya aina mbili kubwa, na si kila muuzaji atamwambia mteja tofauti yake. Kuna gitaa la nyuzi za nailoni na kuna gitaa la nyuzi za chuma.

La nailoni lina shingo pana. Kichwa chake kina matundu mawili marefu, na ndani yake kuna vigingi vyeupe ambavyo nyuzi huzungushwa. Kwenye daraja, nyuzi hupitishwa katika tundu na kufungwa kwa fundo. La chuma lina shingo nyembamba zaidi, na mara nyingi kila uzi una kishanga kidogo mwishoni, ambacho huingizwa ndani ya sanduku na kubanwa na kipini.

Tofauti hiyo si ya urembo. Nyuzi sita za nailoni, zikiwa zimekazwa kwenye sauti yake ya kawaida, huvuta daraja kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma za ukubwa unaotumiwa na wengi huvuta kwa kilo 70 na zaidi, ambao ni uzito wa mtu mzima aliyening'inia usiku na mchana kwenye kipande cha mbao kilichoshikwa na gundi. Fundi aliyetengeneza gitaa la nailoni aliweka ubao mwembamba na mbao nyepesi za kuutegemeza ndani, kwa kuwa hakutarajia uzito huo. Mtu akilifunga nyuzi za chuma ili lilie kwa nguvu, litalia kwa nguvu kweli, kwa muda. Kisha ubao utavimba nyuma ya daraja, shingo itapinda, nyuzi zitakuwa juu mno kwa vidole, na siku moja wakati wa mazoezi daraja litaruka.

Kinyume chake hakivunji kitu. Nailoni kwenye gitaa la chuma haina hatari, ila sauti hutoka dhaifu, kwa sababu ubao mgumu unahitaji nguvu kubwa zaidi ili utikisike.

Kuna kipimo rahisi kwa yeyote mwenye gitaa la zamani. Chukua karatasi ya daftari, jaribu kuiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Gitaa hilo lilegezwe nyuzi zake siku hiyo hiyo na lipelekwe kwa seremala anayejua gundi ya mbao, kabla ya kufikiria nyuzi mpya.

Tarakimu zina maana gani

Kwenye pakiti za nyuzi za chuma kuna tarakimu kama 10, 11, 12 au 13. Hizo ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa kipimo cha sehemu za elfu za inchi. Kumi ni milimita 0.25, kumi na mbili ni milimita 0.30 hivi, kumi na tatu ni milimita 0.33. Wapigaji wanaosoma Kifaransa huita kipimo hicho tirant. Tofauti ya tarakimu moja inaonekana kama si kitu kwa macho, lakini mkono na mbao vinaijua.

Sababu yake ni hii. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na jinsi ulivyokazwa. Urefu haubadiliki, kwani gitaa ni lile lile. Kwa hiyo uzi mzito zaidi ukitakiwa kutoa noti ile ile, lazima ukazwe zaidi. Pakiti ya 10 huvuta kwa kilo 60 hivi. Ya 12 huvuka 70. Ya 13 huvuka 80.

Uzi mnene uliokazwa sana hubeba nguvu nyingi, na ubao hutikisika zaidi. Sauti inakuwa kubwa, besi inajaa, na mpigaji anayechapa kwa mkono mzima hapati ule mlio wa nyuzi kugongana na shingo. Lakini vidole vinaumia, na mtoto anayejifunza anakata tamaa mapema. Uzi mwembamba unabonyezwa kwa urahisi, una sauti nyepesi yenye kung'aa, ila ukiuchapa kwa nguvu unapiga kelele badala ya kuimba.

Kwa gitaa imara, lisilo na nyufa, 12 ni chaguo la katikati. Kwa gitaa la bei nafuu, au la zamani ambalo daraja lake limeshawahi kurudishwa kwa gundi, 10 au 11 ni busara zaidi. Sauti itapungua kidogo, lakini gitaa litaishi. Na ambaye bado anaona sauti ni nzito mno au kamba ni ngumu mno anaweza kulegeza nyuzi zote kwa nusu noti, kisha korali ikafuata ufunguo huo.

Jambo lingine linawakwaza wanunuzi wetu. Tulio wengi tulifundishwa kwa do, re, mi, lakini pakiti huandikwa kwa herufi. E ni mi, A ni la, D ni re, G ni sol, B ni si. Kutoka juu, uzi mnene kuliko wote, hadi chini, zinasomeka mi, la, re, sol, si, mi. Anayenunua uzi mmoja tu badala ya pakiti nzima aijue herufi yake kabla ya kupanda moto.

Madini yanayosikika

Nyuzi mbili nyembamba za gitaa la chuma, na kwenye pakiti ni zile zile karibu kila mahali, ni chuma kitupu. Nyingine nne zina chuma katikati, na juu yake umezungushwa waya mwembamba wa madini mengine. Kazi ya waya huo ni kuongeza uzito bila kuufanya uzi uwe mgumu kama msumari. Na ni waya huo unaotoa rangi ya sauti.

Aina ya kwanza huandikwa 80/20. Ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Sauti yake ni kali, inang'aa, inasikika mbali. Aina ya pili huandikwa phosphor bronze. Hiyo ni shaba asilimia 92 hivi na bati asilimia 8, pamoja na fosfori kidogo sana. Kampuni ya Marekani D'Addario ndiyo iliyoileta kwenye gitaa mwaka 1974. Sauti yake ni ya joto, ya mviringo zaidi, na haipotezi ubora wake haraka kama ile ya kwanza.

Msomaji wa Kivu atatambua majina hayo ya madini. Shaba ni ya Katanga. Zinki ilichimbwa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Na bati linatoka kwenye kasiteriti, ile ile ya Bisie katika eneo la Walikale. Ardhi yetu inatoa madini hayo yote ya uzi wa gitaa, lakini uzi wenyewe tunaununua umeshazunguka dunia.

Nailoni nayo ina historia yake. Zamani magitaa ya aina hiyo yalifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ulihitajika hospitalini kushona majeruhi, ukawa adimu. Huko New York fundi Albert Augustine, kwa kushirikiana na mpigaji wa Hispania Andrés Segovia, akatengeneza nyuzi za nailoni katika miaka ya 1940. Vita ndiyo iliyobadilisha sauti ya gitaa, na wengi hawakurudi nyuma.

Kwa hiyo swali la "nyuzi zipi ni bora" halina jibu moja. Lina swali jingine: gitaa litapigwa wapi na kwa ajili ya nani? Korali ya watu 20 chini ya mabati, bila umeme, bila maikrofoni, inahitaji gitaa linalopenya. Hapo 80/20 inafaa, kwani besi za joto zinamezwa na sauti za wanaume. Mvua ikianza kupiga mabati hakuna nyuzi zitakazosaidia, hiyo kila muumini anaijua. Kwa mtu anayesindikiza sauti moja nyumbani, au wanawake wawili watatu wakiimba taratibu, phosphor bronze inakaa chini ya sauti bila kugombana nayo. Na kwa mtoto anayeanza, nailoni kwenye gitaa lake linalostahili haiumizi vidole.

Mafundi wa sauti ni sisi wenyewe

Kuna wanaodhani kuchagua nyuzi ni mambo ya wazungu wenye pesa. Historia ya muziki wetu inasema vingine.

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Bunkeya aitwaye Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana pia kama Jean Bosco Mwenda. Alikuwa na gitaa moja lisilo na umeme. Kidole gumba kilibeba besi, kidole cha shahada kikabeba wimbo, na anayesikiliza Masanga kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Yeye, Edouard Masengo na Losta Abelo waliufikisha mtindo huo wa Katanga mbali, hata Nairobi, kwa Kiswahili tunachokielewa. Upigaji wa namna hiyo unategemea besi na nyuzi nyembamba kusikika kila moja mahali pake. Nyuzi zilizochakaa huzichanganya zote kuwa uji.

Baadaye, wapigaji wa rumba wa Kongo wakabuni kitu kinachoitwa mi-composé. Walitoa uzi wa nne, re, ambao umezungushiwa waya, wakaweka mahali pake uzi mwembamba mtupu kama ule wa kwanza, wakaukaza kwenye re ya juu, oktava moja kupita ile ya kawaida. Gitaa likawa na sauti mpya, ya kumetameta, inayokaa kati ya gitaa la kusindikiza na la solo. Sehemu kubwa ya utamu wa rumba na sukusi uko hapo. Hawakununua gitaa jipya. Walibadilisha uzi mmoja.

Jambo hilo linawezekana Mubambiro pia. Korali yenye magitaa mawili ya chuma inaweza kuacha moja kama lilivyo na kufanya la pili kuwa mi-composé, kwa gharama ya uzi mmoja wa ziada. Tahadhari ni moja: mfereji wa uzi wa nne pale kichwani ni mpana, na uzi mwembamba unaweza kutetemeka ndani yake. Kipande cha karatasi kilichokunjwa chini yake kinatosha kuanzia.

Hata watoto wanaotengeneza magitaa kwa kopo la mafuta na ubao wanajua somo hili kwa vidole vyao. Wengi hufumua kebo ya breki ya baisikeli na kufunga nyaya zake. Zinalia, lakini nyaya za kebo zina unene mmoja. Ili mtoto apate besi inabidi aulegeze waya mpaka unapigapiga ubao. Tatizo lake si mikono, ni uzito wa waya. Mkubwa anayempa uzi mmoja wa besi uliotolewa kwenye gitaa la korali amempa sauti aliyokuwa akiitafuta.

Jasho, unyevu na moshi wa mlima

Nyuzi nzuri zinaweza kufa ndani ya mwezi mmoja. Jasho la vidole, mafuta ya ngozi na vumbi huingia kati ya mizunguko ya waya. Uzi unakuwa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine, na hapo haukubali tena kulingana: ukiwa sawa bila kubonyezwa, unakosea ukibonyezwa. Wengi humlaumu mpigaji, au gitaa, kumbe ni uchafu.

Hali ya hewa yetu inaongeza kazi. Tuko kando ya ziwa, mvua ni nyingi, na juu yetu kuna Nyiragongo na Nyamulagira zinazotoa gesi ya salfa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hula chuma. Gitaa linaloachwa limening'inia ukutani karibu na dirisha, nyuzi zake hupata kutu mapema kuliko lililo ndani ya mfuko.

Dawa ya kwanza haina bei: kitambaa kikavu cha pamba. Kila baada ya kupiga, pangusa kila uzi, juu na chini, toka darajani hadi kichwani. Anayefanya hivyo, na anayenawa mikono kabla ya kulishika gitaa, anaongeza maisha ya nyuzi zake kwa wazi.

Dawa ya pili ni nyuzi zilizopakwa ngozi nyembamba ya plastiki, aina iliyoingia sokoni miaka ya 1990. Bei yake ni ya juu, lakini hukaa muda mrefu zaidi. Kwa mtu anayefika Goma mara chache, hesabu inaweza kumwangukia vizuri.

Dawa ya tatu ni ya shida. Nyuzi za besi zilizochoka, zile zenye waya, zinaweza kuchemshwa kwenye sufuria kwa dakika chache, kisha zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Mafuta na uchafu hutoka, na mwangaza hurudi kwa siku chache. Inatosha kwa arusi moja au sikukuu moja. Nailoni haichemshwi, na uzi wenye kutu haurudi kuwa mzima kwa maji ya moto.

Kabla ya kulipa

Anayekwenda kununua aende na mambo manne kichwani. Gitaa langu ni la nailoni au la chuma? Daraja lake ni zima au limeachia? Nataka sauti inayopenya au inayotulia? Na waliolifunga mara ya mwisho waliweka unene gani? Kama hakumbuki, abebe uzi wa zamani wa kwanza na wa sita mfukoni, aulinganishe dukani. Pakiti iliyofunguliwa au yenye madoa ya kutu ndani asiichukue hata kwa bei ya nusu.

Akirudi, abadilishe uzi mmoja mmoja, ili shingo isiachiwe ghafla. Akiukaza, auvute taratibu kwa kidole kutoka kwenye ubao, aukaze tena, mara tatu au nne. Uzi mpya hunyooka kwa siku mbili tatu, na wakati huo gitaa hushuka sauti kila baada ya wimbo. Ndiyo maana wapigaji wazoefu hawabadilishi nyuzi Jumapili asubuhi. Hubadilisha Alhamisi, wakapiga kwenye mazoezi ya Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili gitaa likawa limetulia.

Na ikitokea tena kwamba gitaa linapaswa kusafiri, juu ya chukudu, ndani ya lori au mgongoni, legeza nyuzi zote kidogo kabla ya kuliondoa nyumbani na usiliache juani. Joto hulainisha gundi, na zile kilo 70 zinaendelea kuvuta njia nzima. Nyuzi zilizolegezwa hukazwa upya kwa dakika tano. Daraja lililong'oka linasubiri seremala, gundi na amani ya kutosha kulikausha.